Kilele cha 50 Hz Kimevimba na Mikia Imetapakaa: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Uvujaji wa Spektra kwa Madirisha

Swali linarudi lile lile. Mtu amerekodi umeme wa mota, kapiga FFT (hesabu inayovunja wimbi kuwa masafa yake), na pale kwenye 50 Hz alipotegemea mstari mmoja mwembamba anakuta mlima wenye mikia inayoshuka taratibu pande zote mbili, basi anauliza mota imeharibika au? Mwingine ameshasikia habari za madirisha (safu za namba za kuzidisha na data ili mikia ipungue), akaweka lile liitwalo Hamming kwa sababu ndiyo aliyoikuta kwenye video fulani, mikia ikapungua kweli lakini kile alichokuwa anakitafuta bado hakieleweki, na juu ya hapo ukubwa wa wimbi umeshuka nusu na hajui umeenda wapi.

Humu tunafanya kazi moja mwanzo mpaka mwisho. Historia tunairuka, hesabu tunaweka ile inayohitajika tu.

## Kazi yenyewe

Tuchukue mota ya fezi tatu, ile ya pampu ya maji au mashine ya kusaga. Umeme ni 50 Hz, mota ina poli nne, kwa hiyo uga wa sumaku unazunguka mara 1500 kwa dakika. Rota, yaani sehemu inayozunguka, haifiki hapo, inabaki nyuma kidogo, tuseme 1455. Huo upungufu wa 3% ndio mtelezo.

Baa za rota zikipasuka, kwenye mkondo wa umeme vinatokea vilele viwili vidogo pembeni ya 50 Hz, kimoja kila upande, kwa umbali wa mara mbili ya mtelezo. Yaani 50 × (1 − 0.06) = 47 Hz na 50 × (1 + 0.06) = 53 Hz. Shida ni udogo wake. Mara nyingi vinakaa desibeli (dB) 40 mpaka 60 chini ya kilele kikubwa, na 60 dB maana yake ni mara elfu moja ndogo, sasa mkia wa 50 Hz ukivuja mpaka pale hutaona kitu hata ukodoe macho.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kompyuta yenye Python, pamoja na numpy, scipy na matplotlib. Laptopu ya zamani inatosha kabisa.
- Klampu ya mkondo inayotoa volti, sio ile inayotoa mkondo. Kwa mfano SCT-013-030 inatoa 1 V kwenye 30 A.
- Kadi ya sauti ya USB yenye mlango wa laini. Mlango wa maikrofoni uepuke, unazidiwa haraka na wenyewe unatoa volti zake.
- Kipima mzunguko, au angalau kibati cha mota kinachoonyesha mizunguko kwa dakika.

Onyo kabla hujagusa chochote: klampu inafungwa kwenye waya mmoja wa fezi wenye ganda zima. Ukiufunga kebo nzima yenye nyaya zote tatu, mikondo inafutana na utasoma karibu sifuri, na hilo ndilo kosa namba moja la wanaosema klampu yao ni mbovu. Na kama klampu yako ni ya kutoa mkondo isiyo na rezista ndani, usiiache wazi ikiwa imefungwa kwenye waya wenye moto, volti kwenye ncha zake inapanda vibaya. Paneli ya umeme afungue fundi mwenye leseni, hapa hatutaniani.

## Kinachovuja ni nini hasa

FFT inachukua kipande ulichompa na kukifanyia hesabu kana kwamba kinajirudia milele, mwisho unaunganishwa na mwanzo. Ni kama fundi cherehani anayeunganisha ncha mbili za kitenge chenye maua: ukikata mahali sahihi maua yanaendelea bila mtu kujua pameungwa, ukikata katikati ya ua, mshono unaonekana toka mbali.

Mshono huo kwenye wimbi ni mruko wa ghafla, na mruko wa ghafla unahitaji masafa mengi sana kuujenga. Hayo masafa hayapo kwenye mota, yametengenezwa na ukataji wako, na ndiyo mikia unayoiona.

## Hatua ya 1: Anza na wimbi la kutengeneza, sio la mota

Wengi wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja kwenye rekodi halisi, matokeo yake wakiona kitu cha ajabu hawajui ni mota, ni klampu, au ni msimbo wao. Tengeneza wimbi ambalo majibu yake unayajua tayari:

```
import numpy as np
from scipy.signal import get_window

fs = 1000              # sampuli kwa sekunde
N = 1000               # sekunde 1 nzima
t = np.arange(N) / fs

x = np.sin(2*np.pi*50.5*t) + 0.001*np.sin(2*np.pi*63*t)

def spektra(x, fs, aina):
    w = get_window(aina, len(x))
    X = np.fft.rfft(x * w)
    f = np.fft.rfftfreq(len(x), 1/fs)
    A = 2*np.abs(X) / w.sum()
    return f, A, 20*np.log10(A + 1e-12)
```

Kuna wimbi kubwa la 50.5 Hz lenye ukubwa wa 1, na dogo la 63 Hz lenye ukubwa wa 0.001, yaani −60 dB. Kwa nini 50.5 na sio 50? Sababu sampuli 1000 kwa sekunde 1 zinakupa bini (vijisanduku vya masafa ambamo FFT inaweka majibu yake) za 1 Hz kila moja, 50 ingeangukia juu ya bini barabara na usingeona uvujaji wowote, halafu ungejidanganya mambo ni safi. Nusu ya bini ndiyo hali mbaya kuliko zote na ndiyo tunayoitaka.

Angalizo dogo: tumia `get_window` ya scipy, sio `np.hanning`. Ya scipy inatoa dirisha la mzunguko linalofaa FFT, ile ya numpy inatoa dirisha linganifu ambalo limekusudiwa vichujio zaidi. Tofauti ni ndogo kwenye sampuli nyingi, ila ukiwa na sampuli 64 utaiona.

## Hatua ya 2: Uone uvujaji kwa macho yako

Piga `spektra(x, fs, 'boxcar')`. Boxcar ni dirisha la mstatili, na hilo ndilo unalotumia kila siku bila kujua, maana kutoweka dirisha ni sawa na kuweka la mstatili.

Unachotakiwa kupata ni hiki. Bini ya 50 inasoma 0.64 na ya 51 inasoma 0.63, yaani wimbi lako la ukubwa wa 1 limepoteza zaidi ya theluthi kwa macho. Kwenye 63 Hz unasoma karibu 0.023, ambayo ni −32.8 dB, wakati wimbi lililopo pale ni −60. Mkia wa yule mkubwa umemfunika mdogo zaidi ya mara ishirini. Hata ukienda mbali mpaka 100 Hz mkia bado uko kwenye −47 dB.

Chora grafu kwa desibeli, tafadhali sana. Kwenye skeli ya kawaida kila kitu kinaonekana kisafi kwa sababu vitu vidogo vimelala chini hata huvioni, watu wengi wanadhani hawana uvujaji kumbe grafu tu ndiyo imewaficha.

Kama namba zako ziko mbali na hizo, simama hapo hapo utafute kosa kwenye msimbo. Usiendelee.

## Hatua ya 3: Toa wastani kwanza

```
x = x - x.mean()
```

Mstari mmoja tu lakini una kazi. Ukisoma kwa Arduino Uno, kwa mfano, pini inatoa namba 0 mpaka 1023 na wimbi lako linaelea kwenye 512 hivi, hiyo 512 ni kubwa kuliko kila kitu na itajaza bini za mwanzo. Ukija kuongeza sifuri mwishoni mwa data unakuwa umetengeneza ngazi ya kutoka 512 kushuka 0, na ngazi hiyo inavuja kila mahali.

Mpangilio ni wastani kwanza, dirisha la pili, sifuri za kujazia mwisho. Ukijaza sifuri halafu ndio uweke dirisha, dirisha linanyooshwa juu ya data na sifuri kwa pamoja, upande mmoja wa data unakatwa ghafla, na umerudi ulikotoka.

## Hatua ya 4: Chagua dirisha kwa sababu, sio kwa mazoea

Dirisha ni safu ya namba unayozidisha na data yako, katikati ni 1 na pembeni inashuka kuelekea sifuri ili ncha mbili zikutane bila mruko. Kila dirisha lina bei, ukibana mikia kilele kinanenepa, hakuna linalokupa vyote viwili.

Hann ndilo la kuanzia. Mkia wake wa kwanza uko −31 dB, ambayo haivutii sana ukiisoma kwenye jedwali, lakini mikia inayofuata inaporomoka kwa kasi, 18 dB kila umbali unapokuwa mara mbili. Jaribu `spektra(x, fs, 'hann')` uone: bini ya 63 inasoma karibu −59.9 dB, ya 61 ni −71, ya 65 ni karibu −80. Kilele cha wimbi dogo kimesimama peke yake. Na kule kwenye 100 Hz mkia umeshuka chini ya −110 dB.

Hamming ndipo watu wanapoteleza, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Kwenye majedwali linaonekana bora kuliko Hann kwa sababu mkia wake mkubwa kuliko yote uko karibu −43 dB. Sawa, ni kweli. Ila mikia yake inashuka polepole, 6 dB tu kila umbali ukiongezeka mara mbili, sawasawa na mstatili. Lipige kwenye wimbi letu la majaribio: kwenye 63 Hz unasoma karibu 0.0034 wakati ukweli ni 0.001. Yaani unaona bega dogo tu kwenye mkia, na namba yake inasema wimbi ni kubwa zaidi ya mara tatu ya lilivyo. Kwenye kazi ya mota hiyo ni tofauti ya −60 na −49.4 dB, unaweza kumwambia mtu mwenye mota nzima akaishushe afumue rota. Hamming linafaa pale vitu viwili viko karibu karibu na hakuna cha kutafuta mbali. Kwa kazi hii liache.

Blackman linabana zaidi, mkia wa kwanza −58 dB na kasi ile ile ya 18 dB. Kilele chake kina upana wa bini 6 toka sifuri hadi sifuri, Hann ni 4, mstatili ni 2. Kwenye jaribio letu linasoma −60.0, karibu kabisa na ukweli. Blackman-Harris lenye vipengele vinne linafika −92 dB kwa upana wa bini 8, ila kama kadi yako ya sauti ina kelele kwenye −80 dB unalipa upana bure.

Flat top lina kazi moja tu: kusoma ukubwa. Hata wimbi likianguka nusu ya bini linakosea kiasi kidogo mno, karibu 0.01 dB, wakati mstatili unakosea 3.9 dB na Hann 1.4 dB. Upana wake ni bini 10 kwa hiyo usilitumie kutafuta vilele vilivyosongamana.

Ukiwa na haraka, Hann. Ukiona bado mkia unakusumbua na rekodi ni ndefu, nenda Blackman. Madirisha mengine yote yaliyojazana kwenye scipy unaweza kuishi bila kuyagusa.

## Hatua ya 5: Rudisha ukubwa uliopunguzwa

Hapa ndipo ile nusu inapopotelea. Dirisha la Hann lina wastani wa 0.5, kwa hiyo ukizidisha na data umepunguza kila kitu nusu, ndio maana kwenye msimbo tumegawa kwa `w.sum()` na sio kwa N. Ukigawa kwa N utasoma 6 dB chini na Hann, na karibu 7.5 dB chini na Blackman, halafu utalaumu klampu.

Ile 2 ya mbele ni kwa sababu `rfft` inakupa nusu moja ya spektra na nusu nyingine ya masafa hasi imeachwa. Bini ya 0 na ya mwisho kabisa hazitakiwi kuzidishwa mbili, lakini hapa hatuzitumii.

Jipime hivi. Weka wimbi la 50 Hz kamili lenye ukubwa wa 1, piga Hann, unatakiwa upate 0.5, 1 na 0.5 kwenye bini za 49, 50 na 51. Watu wanaona hizo nusu mbili wanasema dirisha limechafua, hapana, huo ndio unene wa kilele na ndiyo bei niliyosema.

Ukitaka nguvu yote ya kilele usijumlishe bini hivi hivi. Jumlisha miraba yake kisha gawa kwa 1.5, ambayo ndiyo namba ya Hann: 0.25 + 1 + 0.25 = 1.5, gawa kwa 1.5 unapata 1. Hata kwa wimbi la 50.5 inatoka: bini za 50 na 51 zinasoma 0.849 kila moja, 49 na 52 zinasoma 0.170, mbili za nje ni 0.024, piga miraba, jumlisha, gawa kwa 1.5 na inarudi 1. Namba hiyo inabadilika na dirisha, Hamming ni 1.36, Blackman 1.73, unaipata mwenyewe kwa `N*(w**2).sum()/w.sum()**2`.

## Hatua ya 6: Rekodi muda wa kutosha

Dirisha peke yake haliokoi rekodi fupi, na hapa ndipo hata wenye uzoefu wanakwama.

Chukua 47 Hz pembeni ya 50. Ukirekodi sekunde 1, bini ni 1 Hz, umbali ni bini 3 tu. Kwenye hali mbaya mkia wa Hann hapo bado uko karibu −38 dB, kwa hiyo kilele cha −50 kinazama hata kama umeweka dirisha vizuri kabisa. Ukirekodi sekunde 10, bini ni 0.1 Hz, umbali ni bini 30, mkia wa Hann unashuka mpaka karibu −99 dB. Sasa rekodi hiyo hiyo ya sekunde 10 ukiiacha bila dirisha? Mkia unabaki karibu −40 dB. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, muda na dirisha.

Mota ikiwa haina mzigo mambo yanakuwa magumu zaidi. Mtelezo wa 0.5% unaweka vilele kwenye 49.5 na 50.5, bini 5 tu kwa rekodi ya sekunde 10, na mkia wa Hann hapo ni karibu −52 dB, ni bahati nasibu. Unaweza kurekodi sekunde 40, lakini ushauri wangu ni mwepesi zaidi, ipe mota mzigo. Mwambie mwenye mashine amwage mahindi, usipime mota inayozunguka bure.

Na kuongeza sifuri sio kuongeza muda! Kujaza sifuri kunachora nukta zaidi kwenye mlima ule ule, grafu inalainika inapendeza, lakini vilele viwili vilivyoungana vitabaki vimeungana.

## Hatua ya 7: Sasa leta rekodi ya mota

Rekodi kwa 48000, faili la WAV, sio MP3. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe, kupandisha sauti, kupunguza kelele, vyote, maana vinabadilisha ukubwa wa wimbi katikati ya rekodi na hilo linazaa vilele vya uongo pembeni ya 50 Hz, mahali pale pale unapotafuta.

```
from scipy.io import wavfile
from scipy.signal import decimate

fs, x = wavfile.read("mota.wav")
x = x.astype(float)
if x.ndim > 1:
    x = x[:, 0]

x = decimate(decimate(x, 6), 8)   # 48000 hadi 1000
fs = fs // 48
x = x[fs:-fs]                     # tupa sekunde 1 kila upande
x = x - x.mean()

f, A, db = spektra(x, fs, 'hann')
db = db - db.max()                # 0 dB ni kilele cha 50 Hz
```

Ona nimetumia `decimate` na sio `x[::48]`. Ya kwanza inachuja masafa ya juu kabla ya kupunguza sampuli, ya pili inayarukisha tu na kila kilichokuwa juu ya 500 Hz kinajikunja kurudi chini kikijifanya ni cha huku. Nimeigawa mara mbili kwa sababu kichujio chake hakipendi kupunguza zaidi ya mara 13 kwa mkupuo. Sekunde mbili zinatupwa, basi rekodi sekunde 12 upate 10.

Mafanikio yanaonekana hivi: kilele kimoja kwenye 50 Hz kinachoshuka haraka, sakafu tambarare ya kelele mbali kule chini, na kama baa zina tatizo, vilele viwili vinavyosimama juu ya sakafu kwenye masafa uliyoyakokotoa kutokana na mizunguko halisi. Kimoja kinaweza kuwa kirefu kuliko mwenzake, hilo ni kawaida.

Ukipenda kutumia `welch` ya scipy, inayochukua wastani wa spektra za vipande vingi, kwa ajili ya kupunguza kelele, sawa, lakini angalia: usipomwambia anakata data vipande vya sampuli 256. Kwa fs ya 1000 hizo ni bini za karibu 4 Hz, 47 na 53 zinamezwa zote na 50. Mpe `nperseg=10*fs` na `scaling='spectrum'`, urekodi dakika nzima apate vipande vya kutosha. Dirisha lake tayari ni Hann.

## Hatua ya 8: Hakikisha kilele ni cha kweli

Usimwite mtu kabla ya hapa. Fanya majaribio mawili, yote hayachukui dakika.

La kwanza, badilisha dirisha. Piga Hann kisha Blackman. Kilele cha kweli kinabaki masafa yale yale na ukubwa ule ule takriban, uvujaji unahama au unapotea.

La pili, badilisha urefu. Kata rekodi ya sekunde 10 iwe 9.73. Mikia ya uvujaji inategemea umekata wimbi wapi kwa hiyo itapanda au kushuka, kilele cha kweli hakijali.

Kisha ubadilishe mzigo kama inawezekana. Mtelezo ukipanda toka 2% mpaka 3% vilele vya rota vinahama toka 48 na 52 kwenda 47 na 53. Kitu kinachokaa pale pale bila kujali mzigo sio baa za rota, tafuta mkanda, pampu yenyewe, au mashine ya jirani.

## Hatua ya 9: Soma masafa yaliyo katikati ya bini

Umeme wa gridi haukai 50.000, unapanda na kushuka kidogo muda wote, na vilele vya pembeni vinaufuata. Kwa dirisha la Hann kuna njia fupi. Chukua bini ndefu kuliko zote, k, na jirani yake mrefu zaidi. Gawa jirani kwa mkubwa, iite a. Kisha:

d = (2a − 1) / (a + 1)

Masafa ni bini ya k kuongeza d kama jirani yuko kulia, kutoa d kama yuko kushoto, halafu zidisha na upana wa bini. Jaribu: bini mbili sawa, a = 1, d = 0.5, yaani katikati kabisa. Jirani nusu, a = 0.5, d = 0, yaani juu ya bini barabara. Ukubwa wa kweli unaupata kwa kuzidisha kilele na πd(1 − d²)/sin(πd), na d ikiwa 0 usifanye kitu. Hesabu hii ni ya Hann tu, ukiipeleka kwenye Blackman inakupa uongo bila kukuonya.

## Mahali pa kutoweka dirisha

Ukigonga chuma kwa nyundo ukarekodi mtikisiko unaoanza na kufa ndani ya rekodi, ncha zote ni sifuri tayari na dirisha la Hann litakufutia ule mgongo wa mwanzo wenye taarifa zote. Acha mstatili.

Na kama unaweza kufunga sampuli zako na umeme wenyewe ukakata mizunguko kamili, uvujaji unaondoka bila dirisha lolote. Ndivyo vipima ubora wa umeme vinavyofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-4-7 vinavyofanya: mizunguko 10 kwa gridi ya 50 Hz, 12 kwa ya 60 Hz, zote ni karibu milisekunde 200, na dirisha ni mstatili. Ukiwa Marekani kwa hiyo badilisha kila 50 ya humu iwe 60.

## Umeweka dirisha na bado grafu ni chafu?

Vilele kwenye 150, 250, 350 Hz: hiyo sio mikia. Ni wimbi lililokatwa vichwa kwa sababu umezidisha sauti ya kuingia, au ni umeme wenyewe wenye vifaa vya elektroniki kwenye laini. Punguza sauti, ukiona vimeshuka zaidi ya ilivyoshuka 50 Hz basi ulikuwa unakata vichwa.

Kilele cha 50 kina nyonga nene zisizobadilika hata na Blackman: mzigo ulikuwa unabadilika wakati unarekodi, au sampuli zako hazina nafasi sawa. La pili linawakuta sana wa Arduino wanaoita `analogRead` ndani ya kitanzi pamoja na kuandika kwenye Serial, kila mzunguko unachukua muda wake. Tumia taima yenye kukatiza, jaza safu kwanza, tuma baadaye. Hakuna dirisha linalorekebisha saa inayoyumba.

Kilele kinahama ukibadilisha fs: kimejikunja toka juu. Kichujio kinatakiwa kikae kabla ya kusampuli, kwenye waya, baada ya hapo umeshachelewa.